Ramani Mbili Juu ya Dashibodi

Jumatatu, 3 Machi

Leo bosi kanipa vitu viwili na daftari. Cha kwanza ni kifaa cha ramani, kile cha kubandika kwenye kioo cha mbele, ukubwa wa kiganja, kina sauti ya mwanamke asiyekasirika. Cha pili ni simu ya kampuni yenye programu ya ramani ndani yake. Niendeshe navyo vyote viwili msimu wote wa mvua, halafu niseme madereva sita tupewe kipi.

"Wewe ndiye utakayeamua," kaniambia. "Mimi sishiki usukani."

Sijawahi kuambiwa neno kama hilo kazini. Nimerudi nyumbani nimenyoosha mgongo.

Daftari lilikuwa la kuandikia majaribio. Majaribio nitayajaza kwenye fomu zao. Hili nimelibakiza nyumbani, niandike ninavyotaka.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Nyumba tano. Kifaa na Simu wamekubaliana zote tano. Nimeanza kuviita hivyo, kama majina ya watu.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kazi yangu ilivyo, maana nikizeeka nitasahau. Napeleka mitungi ya oksijeni majumbani. Wagonjwa wetu wana mashine ya umeme inayowachujia hewa, inanguruma pembeni ya kitanda mchana na usiku. Umeme ukikatika, wanahamia kwenye mtungi. Na mvua zikianza, umeme haukai. Kwa hiyo wakati watu wengine wanajifunika shuka, sisi ndio tunatafutwa.

Pikapu ninayoendesha ilikuwa ya Mzee Kona miaka kumi na tisa. Amestaafu mwaka jana. Tunamwita Kona kwa sababu hakuna kona ya mji huu asiyoijua, na haachi kukuambia. Anakaa mtaa wa chini, karibu na daraja, na kila asubuhi ananipigia.

"Binti, leo usipite sokoni, wanachimba bomba."

"Nimeshaona kwenye ramani, mzee."

"Ramani imeona bomba?"

Shida ni kwamba akipiga, namba yake inajaa kioo kizima na ramani inajificha. Leo imenitokea kwenye mzunguko, nikatoka njia ya pili badala ya ya tatu.

Jumatano, 12 Machi

Nyumba sita. Simu ilishika joto kwenye dashibodi ikajizima yenyewe. Kifaa kikaendelea kana kwamba hakikuona kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Baba watoto kanichongea kishikio cha mbao cha kuwekea Simu, akakipiga msasa mpaka kikawa kama kijiko. Yeye ni seremala, na mapenzi yake yote hupitia kwenye mbao. Kifaa kilishakuja na mguu wake wa mpira wa kunata kwenye kioo, lakini mpira umelegea, na kwenye matuta kinaanguka mapajani huku kinaniambia, "Endelea moja kwa moja."

Leo nilikuwa kwa Bwana Kokoto. Kila mtu anamwita hivyo, hata bintiye. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye mashine ya kusaga mawe, bila kitambaa puani, na mapafu yake sasa ni vumbi tupu. "Mlima ule pale haupo tena," huwa ananionyesha dirishani. "Nusu imejenga mji, nusu nimeivuta mimi." Anaongea maneno manne, anavuta pumzi, anaongea mengine manne. Ukimsikiliza lazima uwe na subira.

Nilimsimulia habari za Kifaa. Akauliza kama yule mama wa sauti ameolewa.

"Kwa nini, baba?"

"Unakosea njia, hakufokei. Anakuelekeza upya. Mimi sijapata kuoa wa namna hiyo."

Binti yake alikuwa barazani anamsuka mteja. Akapaza sauti kutoka huko: "Huyo mama angekaa na wewe wiki moja tu, angejifunza kufoka." Bwana Kokoto akacheka mpaka mpira wa hewa ukamtoka puani, tukaogopa wote watatu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mvua. Nyumba tisa.

Alhamisi, 27 Machi

Kifaa kimenipeleka kwenye ukuta. Kimesema, "Pinda kushoto," na kushoto pana ukuta mpya wa ghorofa nne na mlinzi anayenitazama. Ramani yake ni ya miaka mitatu nyuma. Nimempelekea bosi habari, nikamwambia inatakiwa ramani mpya ipakiwe. Akasema ataangalia. Nimemwona akiandika kwenye kikaratasi, kikaratasi akakiweka chini ya kikombe.

Simu yenyewe iliona ukuta tangu mwanzo. Ila mchana intaneti ilipokatika ilibaki inazungusha kile kiduara chake, "inatafuta, inatafuta," kwa nusu saa, nami nimepaki kando ya barabara kama mtu aliyepotelewa na funguo.

Jumanne, 1 Aprili

Mzee Kona amepiga mara tatu kabla ya saa nne. Mara ya kwanza kuhusu mti ulioanguka. Mara ya pili kuniambia mti umeondolewa. Mara ya tatu kuuliza kama klachi bado inalia. Ya tatu niliikata bila kuisikiliza. Kidole kimeshajua mahali kitufe chekundu kilipo.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeingia stoo kuchukua mipira ya puani, nikaona nyuma ya mlango maboksi sita yamepangwa. Simu mpya. Sita, idadi yetu madereva. Hati ya kupokelea imebandikwa juu, tarehe ya Februari.

Februari mimi nilikuwa sijapewa hata hilo daftari.

Nilikwenda kwa bosi moja kwa moja, buti zikiwa na tope, nikamuuliza. Hakukataa. Ni mtu asiyejua kudanganya uso kwa uso, kwa hilo namsifu. Aliinuka akafunga mlango.

"Makao makuu wanataka kuona gari liko wapi kila dakika," akasema. "Kifaa hakiwaambii. Simu inawaambia. Waliamua zamani."

"Mimi najaribu nini basi?"

"Unawapa sababu. Wanataka karatasi iseme dereva mwenyewe ndiye aliyechagua."

Nimekaa na hilo jioni nzima. Baba watoto kaniuliza mbona sili. Nikamwambia nimechezewa kama mtoto anayepewa usukani wa kuchezea. Akasema, "Chagua kile wasichokitaka." Alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Jumatano, 9 Aprili

Tangu juzi naendesha na Kifaa peke yake. Simu nimeiwasha kwa sababu nimelazimika, ila siitazami. Kwenye fomu nimeandika Kifaa kiko imara, hakitegemei intaneti, hakishiki joto, hakina mtu anayekipigia. Yote ni kweli. Habari za ukuta sikuziandika.

Jumanne, 15 Aprili

Nyumba nane. Mfereji wa stendi umefurika. Watu wanavuka wamebeba viatu mkononi.

Alhamisi, 17 Aprili

Kwa Bwana Kokoto. Umeme umekatika kwao mara nne wiki hii, mtungi wa akiba wanautumia kwa kubana. Amekonda. Maneno manne yamekuwa mawili. Binti kanisindikiza hadi kwenye gari.

"Dada, ukichelewa unipigie mapema. Nikijua unachelewa nitampunguzia kasi ya hewa, idumu."

"Sitachelewa."

Nilisema hivyo. Naliandika kama nilivyolisema.

Jumanne, 22 Aprili

Bwana Kokoto amefariki leo asubuhi.

Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu nimeulizwa mara tano leo na kila mara nimeeleza vingine.

Umeme ulikatika kwao saa kumi na moja alfajiri. Wakafungua mtungi wa akiba. Saa mbili binti akapiga ofisini kwamba mshale umefika robo. Saa mbili na robo nilikuwa barabarani, mtungi mkubwa nyuma umefungwa kamba mbili. Mvua ilikuwa ile ya kumwagwa kwa ndoo, vifuta kioo vinapiga na huoni kitu.

Kwenda kwao kuna njia mbili, zinagawana kwenye njia panda ya kiwanda cha matofali. Kutoka hapo, ya chini inapita darajani, dakika hamsini. Ya juu inazunguka kilima, saa moja na nusu. Kifaa kilisema darajani. Simu ilikuwa inazungusha kiduara. Intaneti ilikatika pamoja na umeme. Saa mbili na dakika arobaini nikafika njia panda. "Endelea moja kwa moja," Kifaa kikasema. Nikaendelea.

Daraja halikuwepo. Sisemi limefurika, nasema halikuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai, na ng'ambo kipande cha reli ya pembeni kimesimama peke yake. Malori matatu mbele yangu, na kabla sijarudi nyuma likaja basi na lori lingine, tukabanana. Kifaa kikaniambia nivuke daraja. Kikaniambia tena. Nilikipiga kofi kikaanguka chini ya kiti, na kule chini kikaendelea kusema.

Nilishuka, nikamgongea dereva wa lori la nyuma kioo. Nikamwambia nina hewa ya mgonjwa. Alikuwa mtu mwema, alijitahidi, lakini lori lile lilikuwa na mzigo wa simenti na tope limeshika magurudumu. Mpaka tunasukumana na kugeuka ilikuwa saa tatu na nusu. Nikampigia binti. Nikamwambia daraja limekwenda, nazunguka juu, apunguze kasi ya hewa. Akasema, "Ameshaanza kuwa wa bluu kucha, dada." Alisema taratibu kabisa.

Njia ya juu niliiendesha kama mwizi. Nilifika saa tano kasoro dakika kumi. Alikuwa ameshakata roho saa nne na nusu. Binti alikuwa amemkalisha kitandani, amemwegemeza kifuani kwake, mpira bado uko puani, na mshale wa mtungi mdogo umelala kwenye sifuri. Majirani walikuwa mlangoni. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Nilishusha mtungi mkubwa kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu, nikausimamisha pembeni ya kitanda, nikasaini fomu ya kupeleka. Saa tano kamili, nimeandika. Umepokelewa.

Jumatano, 23 Aprili

Kulikuwa na maziko. Sikwenda. Nilisema nina homa.

Ijumaa, 25 Aprili

Bosi kaniita. Macho yake yalikuwa mekundu, nikamwonea huruma, na huruma hiyo ilinishangaza. Alikuwa ameshaandika ripoti, kurasa mbili, anataka saini yangu tu. Imeandikwa kwamba kifaa cha ramani kilimwelekeza dereva kwenye daraja lililosombwa, na kwamba majaribio yamethibitisha simu ndiyo salama.

"Hata simu ilikuwa haifanyi kazi siku ile," nikamwambia.

"Najua."

"Na ramani mpya hamkuipakia. Nilikuambia mwezi uliopita."

"Najua, mama." Akaisogeza karatasi. "Iwe ni kifaa. Kifaa hakina watoto. Hakifukuzwi kazi."

Nikasoma tena kurasa zote mbili. Kuhusu kifaa hapakuwa na sentensi hata moja ya uongo. Jina la Bwana Kokoto, lile la kwenye kadi yake, lilikuwa limekosewa herufi. Niliona, nikanyamaza. Nikasaini.

Jumapili, 27 Aprili

Kuna kitu sikukiandika Jumanne.

Nikiwa nakaribia njia panda ya kiwanda cha matofali, Simu iliita. Mzee Kona. Intaneti ilikuwa imekatika lakini simu za kawaida zilikuwa zinaingia. Kidole kikakata, chenyewe, kwa sababu nilikuwa nasubiri simu ya binti na sikutaka laini ishikwe, na kwa sababu nilichoka. Dakika moja baada ya njia panda akapiga tena. Nikakata tena, na safari hii nilisema kwa sauti, peke yangu ndani ya gari, "Mzee, hebu nipishe."

Anakaa karibu na daraja. Alikuwa amesimama kwenye mvua analitazama likiondoka.

Kama ningepokea ile ya kwanza ningepinda kushoto, na saa nne na dakika kumi ningekuwa mlangoni, mtungi umefunguliwa. Nimepiga hesabu hii mara nyingi kuliko nilivyowahi kupiga hesabu yoyote. Ile ya pili nayo ingetosha, kwa shida. Pale ningeweza kugeuka bado.

Hakuna anayejua ila yeye na mimi. Baba watoto amelala. Nimemtazama nikashindwa kumwamsha.

Jumatatu, 28 Aprili

Nyumba saba. Simu mpya zimegawiwa. Sote sita tumepata.

Jumatano, 30 Aprili

Baada ya kazi nilikwenda kwa Mzee Kona. Nilitaka anitukane. Nilipiga hodi nikiwa tayari nimeshaandaa majibu.

Alinikaribisha, akanitafutia taulo, akauliza klachi. Nikamwambia, "Mzee, Jumanne ile ulinipigia."

"Nilipiga."

"Nilikata."

"Ndiyo. Nilisikia inaita, inakatwa." Alikaa kitako, akafuta miwani kwa shati. "Umeme ulikuwa umekatika, nilijua uko na mtungi. Ilipokatwa ya pili nikasema labda yuko kwenye mteremko, nisimsumbue. Nikaacha. Ningepiga ya tatu."

"Ningeikata pia."

"Labda." Akavaa miwani. "Nilikuwa nakupigia sana, binti. Nikiamka sina pa kwenda, basi napiga. Mke wangu aliniambia, utamchosha huyo mtoto wa watu."

Alikuwa anajilaumu yeye. Nilikwenda kwake nikitafuta mtu wa kunihukumu, nikamkuta amekaa na mzigo uleule, amejitwika nusu yake bila kuniuliza. Mwaka mzima nilimwona mzee mpenda umbea wa barabara. Kumbe ile ndiyo njia aliyobaki nayo ya kwenda kazini.

Nilimuuliza kwa nini hajamwambia bosi. Akasema hajaulizwa.

Ijumaa, 2 Mei

Manyunyu tu. Nyumba nne.

Jumanne, 6 Mei

Leo zamu yangu ilikuwa kwenda kukusanya vifaa nyumbani kwa marehemu. Ningeweza kubadilishana na mwenzangu. Sikubadilishana.

Binti alikuwa peke yake. Nywele zake mwenyewe hazijasukwa, baraza halina mteja. Mashine ya umeme imefunikwa kwa kanga, kimya, na chumba kile bila mngurumo wake kilikuwa kikubwa mno. Mtungi mkubwa ulikuwa palepale nilipousimamisha, haujafunguliwa, kibandiko cha plastiki bado kipo mdomoni.

"Bosi wako alikuja," akaniambia. "Alileta barua. Anasema ni ile mashine ya kwenye kioo iliyokosea njia."

"Ilikosea."

"Yule mama wa baba." Alijaribu kutabasamu, hakuweza. "Basi. Mashine ni mashine."

Hapo ndipo ningeweza kubeba mitungi nikaondoka. Alikuwa ameshanifungulia mlango. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha baba yake, bila kukaribishwa, nikamwambia yote. Njia panda. Simu ya kwanza. Simu ya pili. Nilichosema ndani ya gari, neno kwa neno, na saa ambayo ningefika. Nikamwambia pia kwamba wiki mbili kabla nilikuwa nimeacha kutazama ile ramani nyingine kwa sababu ya hasira yangu na ofisi, na kwamba siku ile haingenisaidia, ila hasira ilikuwepo.

Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa ametazama dirishani, upande wa mlima.

"Saa nne na dakika kumi," akasema.

"Ndiyo."

"Saa nne na dakika kumi alikuwa anaongea. Aliniuliza kama nimekunywa chai."

Tulikaa hivyo. Jirani alipita, akachungulia, akaenda zake.

Baadaye akaomba fomu ya kurudisha vifaa. Fomu hiyo ina mstari mmoja, "Sababu ya kurudisha," na ndugu ndiye anayejaza. Wengi huandika amefariki, wachache sana huandika amepona. Yeye aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema: Mtungi ulifika amekwisha kufa. Akanisogezea kalamu, nikasaini chini yake kama mpokeaji.

Mitungi mitupu niliibeba mwenyewe, mmoja mmoja. Ule mzima haubebeki na mtu mmoja kupita ngazi za baraza. Siku ile niliushusha kwa nguvu nisizojua zilitoka wapi. Nilijaribu kuuviringisha ukakwaruza sakafu. Akaja, akashika upande wa chini, bila kunitazama.

"Inua," akasema.

Tukainua. Tulipoulaza kwenye gari alifuta mikono kwenye gauni, akarudi ndani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga tu.

Jumatano, 7 Mei

Jana jioni nilimsimulia baba watoto. Akanishika mkono, akaushikilia tu.

Leo nimeandika ripoti nyingine, kwa mkono, ukurasa mmoja. Kwamba Kifaa kilikuwa na ramani ya zamani na ofisi ilijua. Kwamba Simu ilikwama. Kwamba mtu aliyekuwa analiona daraja kwa macho yake alinipigia mara mbili, na nikamkata. Swali la kipi kinunuliwe sikulijibu. Nimeibana pamoja na fomu ya binti, nikaiweka mezani kwa bosi.

Aliisoma akiwa amesimama. "Nikiipeleka hii, unatoka barabarani leo leo."

"Nipeleke wapi funguo?"

Akazipokea yeye mwenyewe. Aliziangalia kiganjani kama mtu anayepima uzito wa kitu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya ofisi, kama nina la kuongeza kabla faili halijaondoka kwenda makao makuu.

Nikamwambia ndiyo. Kwenye ile ripoti ya kwanza jina la marehemu limekosewa herufi. Nikamtajia jina lake lote, herufi moja moja, naye akachukua kalamu akasahihisha.